Mizani Imegoma: Mwongozo wa Kuukwamua Uzito Uliosimama kwa Jiko na Njia za Lamu

Mtu aliyeshuka kutoka kilo 92 hadi 82 anabeba kilo 10 pungufu kila anapopanda ngazi za darini, kila anapokwenda sokoni, hata anapogeuka kitandani. Mwili huo uliopungua hauhitaji chakula kingi kama ule wa mwanzo. Sahani iliyompunguza mwezi wa kwanza, mwezi wa sita inamtosha barabara, na mizani haiendi mbele wala nyuma. Hapo ndipo wengi huamua kulala njaa, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika safari hii, kwa sababu njaa huondoa misuli pamoja na mafuta, kisha humrudisha mtu kwenye sufuria kwa pupa. Uzito ukisimama, thibitisha kwanza, piga hesabu upya, tafuta zinakovujia kalori, halafu jenga misuli. Fuata mpangilio huo huo.

Hatua ya 1: Hakikisha umekwama kweli

Uzito huyumba kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache bila gramu hata moja ya mafuta kuongezeka. Ukila ng'onda au papa mkavu usiku, chumvi itashika maji mwilini mpaka kesho yake na zaidi. Ukila biriani baada ya siku kadhaa za wali kidogo, ini na misuli hujaza akiba yake ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu 3. Choo kikichelewa, mizani inapanda. Wanawake wengi hupanda siku chache kabla ya hedhi kisha hushuka bila kufanya lolote. Kwa hiyo namba ya asubuhi moja isikufurahishe wala isikuhuzunishe.

Jipime kila siku asubuhi, ukishatoka msalani, kabla ya kula au kunywa, ukiwa na nguo nyepesi ile ile. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya mkeka wala zulia. Nyumba nyingi za mawe za mji wa kale zina sakafu zenye mabonde, na mizani ikiinama upande mmoja husoma uongo. Tafuta pahali pamoja panapokaa sawa, utie alama, usihame. Ukiishuku mizani yenyewe, ipandishie gunia la mchele la kilo 25 ambalo halijafunguliwa uone itasoma ngapi. Andika namba ya kila siku. Siku ya saba jumlisha zote ugawanye kwa 7. Wastani huo ndio uzito wako wa wiki.

Kiuno kipime mara moja kwa wiki kwa utepe wa fundi cherehani. Papasa ubavu wa mwisho, papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na utepe upite katikati ya hapo, ukizunguka sawa bila kubana, ukiwa umeshusha pumzi. Fundo la kikoi si kipimo: kitambaa hulegea na mkono hukaza pale moyo unapotaka.

Umekwama ikiwa kwa wiki 4 mfululizo wastani haujashuka hata robo kilo, na kiuno nacho hakijapungua hata sentimita moja. Ikiwa kilo zimesimama lakini kiuno kinapungua, usiguse kitu. Mafuta yanatoka na misuli inaingia. Mwanamke alinganishe wiki ya mwezi huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita, si wiki na jirani yake.

Jiulize pia kama bado unahitaji kupungua. Kipimo chepesi ni kiuno kisichofika nusu ya kimo: mwenye sentimita 160, kiuno chini ya 80. Ukiwa tayari uko hapo na vipimo vya sukari na presha ni vizuri, kazi iliyobaki ni kuulinda uzito huo, na huna sababu ya kuukamua mwili zaidi.

Hatua ya 2: Pigia hesabu mwili ulio nao leo

Zidisha kilo zako kwa 10. Zidisha kimo chako cha sentimita kwa 6.25. Jumlisha hizo mbili, kisha toa umri wako mara 5. Mwanamke atoe tena 161; mwanamume aongeze 5. Hizo ndizo kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umelala tu kutwa. Kisha zidisha kwa 1.4 ikiwa kazi yako ni ya kukaa, dukani au ofisini, au 1.6 ikiwa unasimama na kutembea siku nzima.

Chukua mwanamke wa miaka 40 mwenye sentimita 160. Akiwa na kilo 92 hesabu ilikuwa 1,559. Akiwa na 82 ni 1,459. Mara 1.4, tofauti ni kalori 140 kwa siku, pungufu ya hamri moja. Ndiyo maana watu hawaamini: hawajabadilisha kitu, na wamekwama. Ongeza kwamba mtu anayepunguza chakula kwa muda mrefu huanza kujongea kidogo bila kujua. Anatuma mtoto dukani, anakaa barazani nusu saa zaidi, anapanda boti ya Shela, kijiji cha jirani, badala ya kutembea. Mwili unabana matumizi kimya kimya.

Mwanamke huyo sasa anatumia kama kalori 2,040 kwa siku. Akila kama 1,700 atapungua, kwa wiki, karibu theluthi moja ya kilo, kwa sababu kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Inaonekana ndogo. Lakini ni kilo 4 kwa miezi mitatu, bila kizunguzungu, bila nywele kung'oka. Mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanamume chini ya 1,500 bila usimamizi wa mtaalamu wa afya. Na hesabu hii ni makadirio. Wastani wa mizani wa wiki 3 zijazo ndio utakaoisahihisha.

Hatua ya 3: Siku 7 za kuchunguza jiko

Kabla ya kupunguza chochote, pima unachokula kwa wiki moja kama kilivyo. Nunua mizani ndogo ya jikoni ya betri. Usijisitiri: andika hata bajia uliyoonja karaini na kipande cha halwa ulichokatiwa. Kosa la kila mahali ni kuandika chakula cha mezani na kusahau cha kusimama.

Katika jiko la Lamu, kalori hujificha pahali pane.

Nazi ndiyo ya kwanza. Nazi moja yenye nyama ya gramu 300 ina kalori zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za mafuta. Sehemu hubaki kwenye machicha, lakini kubwa huondoka na tui. Pika mchele nusu kilo kwa maji na chumvi, ni kama kalori 1,800. Watu wanne kila mmoja anapata 450. Pika mchele huo huo kwa tui la nazi nzima na kila mmoja anafika 600 au kuzidi, kwa kiasi kile kile machoni. Sasa weka juu yake mchuzi wa kupaka uliomaliziwa kwa kasimile (tui la kwanza, zito), na mchicha wa nazi pembeni. Nazi imeingia mara tatu katika sinia moja, na hakuna aliyeona kitu kilichoongezeka.

Mafuta ya kupikia ni ya pili. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa haujui kijiko. Kuna njia nyepesi ya kujua: andika tarehe kwenye chupa ya lita moja siku unayoifungua. Lita hiyo ni zaidi ya kalori 8,000. Nyumba ya watu wanne ikiimaliza kwa siku 7, kila mtu amekula karibu kalori 300 za mafuta kwa siku, mbali na nazi. Ikienda wiki mbili, ni nusu ya hapo. Mafuta yaliyobaki karaini baada ya kukaanga samaki na viazi, ukiyarudia kwenye mchuzi, nayo yahesabu.

Ya tatu ni sukari ya chai. Vijiko 3 vya chai kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni gramu 48, kalori karibu 190. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya kalori za siku, na ni bora zaidi iwe nusu ya hapo, kama gramu 25. Soda ya mililita 300 peke yake inapita kiasi hicho. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, na iliki na tangawizi husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kahawa chungu haina shida yoyote, ila kashata inayoandamana nayo.

Ya nne ni mahamri. Unga kilo moja, sukari gramu 200, tui mililita 400 na mafuta yanayonywewa karaini kama gramu 100 hufanya jumla ya kalori karibu 5,900. Madonge 8, kila moja likikatwa mara nne, ni mahamri 32, yaani kama kalori 185 kila moja. Ukiyakata makubwa, 24 kwa kilo, yanakaribia 250. Matatu asubuhi pamoja na mbaazi za nazi nzito na chai tamu yanakaribia kalori 1,000 kabla ya saa tatu. Mkaango wenyewe una siri yake: mafuta yasipopata moto wa kutosha, hamri halifuri haraka, linakaa karaini na kunywa mafuta mengi zaidi. Ukilitoa na kuliweka juu ya chujio badala ya kulirundika bakulini, linajichuja.

Hatua ya 4: Rekebisha sinia, usilifute

Baada ya siku 7 utakuwa na wastani wako wa kweli. Tofauti kati yake na lengo lako ndiyo unayopaswa kuondoa, na mara nyingi ni kalori 200 hadi 400, si zaidi. Ondoa kwa mabadiliko mawili tu, yale yenye kalori nyingi na uchungu mdogo. Ukibadilisha kumi kwa pamoja hutajua lipi limefanya kazi, na nyumba nzima itakuchoka.

Kanuni tunayoipendekeza kuliko zote ni hii: nazi ikae mara moja tu katika mlo. Ukitaka wali wa nazi, samaki awe wa kuchoma, kwa ndimu, pilipili na kitunguu thaumu, na mboga ya kuchemsha. Ukitaka samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Mbaazi za asubuhi zipike kwa tui la pili, na kasimile kijiko kimoja tu juu kwa ladha. Hakuna aliyekatazwa chakula cha kwao, kimegawanywa.

Kisha protini. Hii ndiyo inayoshibisha na ndiyo inayolinda misuli wakati chakula kimepungua. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Mwenye lengo la kilo 75 atahitaji kati ya gramu 90 na 120 kwa siku. Mkaaji wa kisiwani hana udhuru hapa: gramu 100 za nyama ya changu, tafi au kolekole zina protini karibu gramu 20 na kalori kama 100 tu. Pweza ana gramu 15 kwa kalori 80. Yai lina 6. Mbaazi, kunde na pojo zilizoiva zina 7 hadi 8 kwa kila gramu 100. Kumbuka kwamba samaki mzima, karibu nusu yake ni kichwa, mifupa na matumbo. Wa nusu kilo atakupa nyama ya gramu 220 au 250.

Siku moja ya kalori kama 1,700 inaweza kuwa hivi. Asubuhi, mbaazi gramu 150 zenye tui jepesi, yai moja la kuchemsha, hamri moja, chai ya maziwa mililita 100 bila sukari. Mchana, samaki wa kuchoma gramu 200 za nyama, wali mweupe ulioiva gramu 200, mchicha uliokaangwa kwa kijiko cha chai cha mafuta, na kachumbari nyingi. Alasiri, papai gramu 200 na kahawa chungu. Usiku, mchuzi wa pweza wa nyanya na kitunguu, gramu 150, pojo gramu 150, kipande cha muhogo wa kuchemsha gramu 100, na mafuta kijiko cha chai. Protini inapita gramu 100. Gramu 200 za wali ni kidogo kuliko ulivyozoea, hilo ni kweli, na ndiyo sababu kachumbari, mabamia na mabiringani yajaze nafasi iliyobaki.

Wanaokula sinia moja wana tatizo lao, na lina dawa. Pima wali wako kwa bakuli jikoni, kisha umwage upande wako wa sinia. Adabu ya kula kilicho mbele yako itafanya iliyobaki. Nyumbani kwa watu, mwambie mwenyeji mapema na kwa upole: "Mama, nipakulie samaki na mboga kwanza, wali nitajiongeza." Kukataa baada ya sahani kujaa ndiko kunakovunja moyo wa aliyepika.

Hatua ya 5: Jenga misuli kwa dumu na baraza

Sehemu hii wengi huiruka, wakidhani kutembea kunatosha. Mtu anayepungua kwa chakula peke yake, hadi robo hivi ya anachopoteza si mafuta, ni misuli na vinginevyo. Misuli ikipungua, matumizi ya mwili nayo yanapungua, na nguvu za kupanda ngazi pia. Siku 3 kwa wiki zinatosha, mathalani Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, dakika 30 hadi 40 kila siku. Huhitaji ukumbi wa mazoezi. Mwanamke asiyetaka kuonekana ana kiwanda, yaani ua wa ndani, na dari.

Vifaa ni madumu mawili ya lita 5, mkeka na baraza imara. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni mzigo unaopimika vizuri kuliko jiwe. Lakini dumu lililojaa nusu huyumba na kuvuta kifundo cha mkono. Ama lijaze kabisa, ama tumia mchanga mkavu, ambao lita yake ni kama kilo moja na nusu.

Anza na kukaa na kusimama. Simama mbele ya baraza, miguu upana wa mabega, shuka taratibu kwa hesabu ya tatu mpaka uguse, kisha inuka bila kusukuma kwa mikono. Magoti yafuate uelekeo wa vidole. Yakiangukia ndani, ongeza kimo cha pahali unapokaa kwanza, kwa mto au kiti. Likizoeleka, kumbatia dumu kifuani.

Pili, kusukuma. Mikono juu ya ukingo wa baraza, mwili umenyooka kama ubao toka kichwa hadi kisigino, shusha kifua, sukuma. Anayeshindwa aanze na ukuta. Kiuno kikidondoka, awamu imekwisha hata kama hesabu haijafika.

Tatu, kuvuta. Mkono mmoja na goti moja barazani, mgongo umelala sawa, vuta dumu kuelekea nyongani, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Usilirushe.

Nne, lala chali mkekani, magoti yamekunjwa, inua nyonga mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja, kaa hesabu ya mbili, shuka. Hili huweza kuwasaidia wenye maumivu ya mgongo wa chini yanayotokana na kukaa.

Tano, ngazi. Beba madumu mawili, panda na ushuke kwa dakika 3, pole pole, mradi ngazi si telezi na hazina giza.

Kila zoezi, isipokuwa ngazi, fanya awamu 3 za mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja hadi mbili kati yake. Uzito ulio sawa ni ule ambao awamu ikiisha unahisi ungeweza mara mbili tatu tena, si kumi. Ukifikisha 12 katika awamu zote tatu, ongeza kilo moja kwa mchanga. Usipoongeza, mwili hauna sababu ya kubadilika, na hiyo ndiyo kasoro tunayoiona sana: dumu lile lile, mwaka mzima. Toa pumzi unapoinua. Ukiibana, presha hupanda ghafla. Mwenye presha isiyotulia, maumivu ya kifua au mimba aulize kwanza kituo cha afya.

Siku mbili tatu za mwanzo misuli itauma, na mizani inaweza kupanda nusu kilo au kilo nzima. Ni maji yanayoingia kwenye misuli inayojikarabati. Wengi huacha wiki hiyo hiyo wakisema mazoezi yanawanenepesha. Vumilia wiki 3 na uangalie kiuno.

Hatua ya 6: Rudisha miguu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kutosha kila wiki. Mwendo wa kutosha ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kutoka ngome ya mji wa Lamu kufuata ufuo hadi Shela ni kama kilomita 3, dakika 40 hivi. Kwenda na kurudi, mwenye kilo 82 anatumia kama kalori 250 zaidi ya ambazo angetumia akiwa amekaa. Akienda siku 4 kwa wiki anakuwa na kalori 1,000 mkononi na dakika zake zimetimia. Huko Shela, mchanga laini hula nguvu karibu maradufu ya ardhi ngumu, kwa hiyo anza na dakika 10 tu za mchanga. Kano za kisigino hukasirika zikishtukizwa.

Panga safari kwa maji ya bahari. Yakipwa, mchanga uliolowa ni mgumu na mpana. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, njia hubanwa. Saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku, basi ratiba ya saa moja isiyobadilika haitadumu. Toka baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri. Wakati wa kaskazi, joto na unyevu wa mchana vinaweza kumwangusha hata mzoefu. Beba maji, na madafu yakikupata njiani, moja ni kalori 60 hadi 80, si haramu.

Usile ulichotembea. Glasi moja ya sharubati yenye sukari na sambusa mbili zinarudisha safari yote ya Shela.

Harusi na Ramadhani

Akiba ya mwanamke wetu, kalori 340 kwa siku, kwa siku 5 ni 1,700. Usiku mmoja wa harusi wenye sahani mbili za biriani, sambusa, soda na halwa unaweza kuimeza yote, na harusi za kwetu hazina usiku mmoja. Usiende na njaa: kula mayai mawili na matunda kabla ya kutoka. Chagua kimoja cha starehe, biriani au vitamu, na maji badala ya soda. Siku inayofuata kula kama kawaida. Kufunga kujiadhibu huzaa ulaji mwingine wa pupa.

Ramadhani si lazima ikuongezee. Futuru kwa tende 2 au 3 na maji, swali Maghrib, kisha rudi kwa supu ya samaki na bakuli la kunde. Kaimati za shira, viazi vya karai na muhogo wa nazi visiwe vyote usiku mmoja. Daku iwe na protini na nyuzi: mayai, mbaazi, matunda, na maji ya kutosha. Madumu yafanye baada ya Tarawehe, au mepesi tu karibu na Maghrib. Mwezi huo lengo la busara ni kutoongezeka.

Dawa, usingizi na biashara za uongo

Mwenye kutumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari kwa nguvu asipunguze chakula wala asiongeze mazoezi kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Sukari inaweza kuanguka ghafla. Insulini yenyewe, vidonge vya jamii ya prednisolone, baadhi ya dawa za maradhi ya akili na sindano ya kupanga uzazi ya miezi 3 huweza kuongeza uzito. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Uliza kama kuna badala yake. Ukikwama huku unahisi baridi isiyo ya kawaida, uchovu, choo kigumu na nywele kukatika, omba upimwe tezi ya shingo. Hedhi zinazopotea miezi pamoja na nywele za kidevu ni sababu nyingine ya kuonana na daktari.

Usingizi chini ya saa 7 huongeza njaa ya kesho, hasa hamu ya vitamu. Anayeamka Alfajiri na analala saa saba za usiku hatashinda vita hivi jikoni peke yake.

Chai za kupunguza tumbo zinazoharisha huondoa maji na choo, na zikitumiwa siku nyingi huweza kuvuruga utumbo na kupunguza potasiamu. Ndimu na maji moto hayachomi mafuta. Mikanda ya kubana kiuno inatoa jasho tu. Pesa hizo nunua samaki.

Hatua ya 7: Wiki 4 za kuamua

Shika mabadiliko yako wiki 4 bila kuyachezea. Wastani ukishuka robo kilo au zaidi kwa wiki, endelea. Ukiwa haujashuka na kiuno hakijapungua, rudia siku 3 za kupima chakula, kwa sababu mara nyingi kijiko kimerudi kuwa kikubwa. Vipimo vikiwa sahihi, punguza kalori 100 hadi 150 nyingine kwa siku, kwa mfano wali ulioiva gramu 100, au ongeza safari moja ya Shela kwa wiki. Kimoja tu kati ya hivyo.

Na ikiwa umekuwa ukipunguza kwa miezi mitatu au zaidi mfululizo, umechoka, unaota chakula na madumu yamekuwa mazito ghafla, chukua wiki mbili za kula kiasi kinachokutosha kubaki hapo ulipo. Kwa mwanamke wetu ni kama 2,000, na protini ile ile na mazoezi yale yale. Usitegemee zikuharakishe; kazi yake ni kukurudishia nguvu za kuendelea. Utapanda kidogo kwa maji na wanga, kisha utashuka ukirudi kwenye lengo.

Kila unapopoteza kilo 5, rudi Hatua ya 2 na uandike hesabu mpya, maana mwili uliokuwa ukiulisha umekwisha badilika tena.